Uzi: Miaka sita na kenge wa mitini wa Papua ndani ya nyumba

Mwana wa Pangani (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Tangu nilipodokeza kwenye uzi wa wafuga nyoka kwamba nyumbani kwangu nina kenge mwenye urefu wa mita 2 na sentimita 10, nimekuwa nikiletewa maswali yaleyale faraghani: anang'ata au hang'ati, anakula nini, ni wa bei gani, na je, anazoea watu? Nimeona ni heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa kuwa wengi wa wanaouliza wameiona ile picha ambayo kenge huyo amelala mapajani mwangu kama mtoto aliyeshiba, nao hawajui ilipigwa siku gani wala kwa nini alikuwa mpole kiasi kile. Nitafika huko.

Mimi nilizaliwa Pangani, ambako kenge tulimjua kama mwizi wa mayai na vifaranga, mnyama wa kufukuzwa na mbwa na si wa kutengewa chumba. Sasa ninaishi nje kidogo ya Houston, jimbo la Texas, na kazi yangu ni ufundi wa viyoyozi. Nilimnunua mwaka 2018 kwa mfanyabiashara aliyeniapia kwamba mnyama ametotolewa kizimbani. Daktari wa wanyama alipopima kinyesi chake alikuta minyoo ya aina mbili, na alipomgeuza tumbo juu alinionyesha kovu la tanzi lililozunguka kiuno, mstari mweupe usiokuwa na magamba. Mnyama aliyetotolewa kwenye kiangulio atatoa wapi kovu la tanzi? Nilikuwa nimeuziwa kenge wa porini, na mengi yaliyofuata yalianzia hapo.

Jina lake la kitaalamu ni Varanus salvadorii. Wataalamu wawili wa wanyama, Peters na Doria, ndio waliomwelezea mwaka 1878, wakampa jina la Tommaso Salvadori, Mwitaliano aliyekuwa bingwa wa elimu ya ndege. Makao yake ni kisiwa cha Guinea Mpya peke yake, upande wa Indonesia na upande wa Papua Guinea Mpya, katika misitu ya nyanda za chini na mikoko. Baadhi ya wenyeji humwita artrellia, na masimulizi yao humfanya joka linalowarukia watu kutoka juu ya miti. Wafanyabiashara wa Marekani na Ulaya wamempa jina linalomtaja mamba. Kila nikilisikia hukumbuka kwamba kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, ingawa huyu hakujiunga na msafara huo kwa hiari yake.

Anayemjua kenge wetu wa mtoni atamshangaa huyu kwanza kwa mkia, ambao huchukua takriban theluthi mbili za urefu wote. Wangu, pamoja na mita zake 2 na ushei, ana kiwiliwili cha sentimita 70 tu pamoja na kichwa, na siku ya mwisho nilipompima alikuwa na kilo 4 na nusu. Mkia huo humsaidia kujishikiza tawini na kulinda mizani anapovuka kutoka tawi hadi tawi, na akiudhika huugeuza mjeledi: aliwahi kukibandua kipimajoto ukutani kwa pigo moja, vipande nikaviokota upande wa pili wa chumba. Kingine ni kinywa. Kenge wetu akikua meno yake huwa butu, kwa kuwa huponda konokono na kaa. Huyu ana meno marefu, membamba na yenye makali, ya kudaka kinachoruka na kinachokimbia, kama vile ndege na popo.

Sasa nije kwenye ukali, kwa maana ndio unaowavutia vijana. Baada ya miaka sita nimeshawishika kwamba kinachoitwa ukali wake ni mambo mawili tofauti ambayo kwa aliyeng'atwa hufanana. Lipo la woga: koo huvimba, pumzi hutoka kwa mfoko kama wa sufuria iliyofunikwa, mwili hubanwa ubavuni ili uonekane mkubwa, na mkia hukunjwa kama upinde. Hapo anakuomba uondoke, na ukiondoka jambo limekwisha. Lipo na la njaa, ambalo halina sauti hata kidogo. Shingo hunyooka, ulimi hutoka na kuingia kwa haraka, macho hukazwa kwenye mkono wako, na kutoka hapo hadi damu ni chini ya sekunde moja. Kenge anayepiga kelele simwogopi tena. Ninayemwogopa ni yule aliyenyamaza.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba utosini ana kijicho cha tatu, kilichofunikwa na gamba, kisichoona maumbo bali kinachohisi mwanga na kivuli. Kivuli kinachopita juu ya kichwa, kwa mnyama aliyekulia mahali penye tai na kipanga, hakina maana mbili. Ukimwendea kwa kuinamia kutoka juu, kama watu wanavyompapasa mbwa, umejitangaza kuwa tai.

Mama Zuhra

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo. Nina swali la mzazi. Umesema ni ndani ya nyumba, na nyumba ina watoto. Chumba hicho kimejengwaje, na ufunguo unakaa kwa nani?

Mwana wa Pangani

Dada yangu, umeuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza.

Kizimba chake ni chumba kizima: urefu mita 4, upana mita 2 na nusu, kimo mita 2 na sentimita 60. Kuta nimezipiga plaiwudi nzito, nikapaka rangi isiyopitisha maji tabaka nne na kuziba maungio yote kwa silikoni, kwa kuwa unyevunyevu humo ndani hauruhusiwi kushuka chini ya asilimia 70, na nyumba za huku ni za mbao. Ndani kuna mashina mawili ya mwaloni yaliyofungwa kwa boriti za dari, udongo uliochanganywa na majani makavu wa kina cha nusu mita, na beseni ambalo anaweza kuzama mwili wote. Joto la kawaida huwa nyuzi 28 hadi 30, na chini ya taa zake kuna ubao wa kuotea joto ambapo uso hufika nyuzi 50. Msishangae kiwango hicho. Anapanda hapo dakika chache, anashiba joto, anaondoka. Kenge asiyepata mahali penye joto kali hashindwi kula tu, hushindwa pia kusaga alichokula. Vilevile ipo taa ya miale ya urujuanimno, ambayo hubadilishwa kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa kuwa miale hufifia kabla ya mwanga.

Kuhusu usalama, hakuna mlango unaofunguka moja kwa moja kutoka ukumbini hadi kwake. Unafungua mlango wa kwanza, unaingia kwenye kijia chembamba, unaufunga nyuma yako, unachungulia kwenye kidirisha hadi umwone yuko wapi, ndipo unafikiria mlango wa pili. Kufuli ni mbili na funguo ninazo mimi, shingoni. Binti yangu ana miaka saba, naye anaruhusiwa kumtazama kupitia kioo kizito kilichokingwa kwa wavu, basi.

Lakini kilichonisaidia kuliko kufuli ni kile chumba kidogo cha pembeni. Nimekata tundu ukutani na kulitia mlango wa kushusha kwa kamba na kapi, na nyuma yake kuna sanduku la ukubwa wa kabati. Nilimfunza kufuata mpira mwekundu uliochomekwa kwenye ncha ya fimbo: akiugusa kwa pua anapata kifaranga kwa koleo refu. Ilichukua majuma kumi na moja. Leo nikiutoa mpira kwenye sanduku, anashuka mwenyewe na kuingia, nashusha mlango, kisha naingia kusafisha chumba kikubwa huku yeye akiwa amefungiwa. Bustani kadhaa za wanyama huwafunza kenge wakubwa kwa njia ya namna hiyo. Faida yake ni kwamba mtu na mnyama hawakutani, na kila mmoja hupata anachokitaka.

Mpenda Reptilia wa Rotterdam

Mkuu, naheshimu uzoefu wako, lakini nadhani unawatisha watu kupita kiasi. Ninaye wa aina hiyohiyo mwenye umri wa miaka minne, jike, aliyetotolewa kizimbani kweli, naye hupanda begani kwangu na kulala. Sijawahi kung'atwa. Je, si kwamba tatizo lako lilikuwa ni kumnunua wa porini na kutomshika tangu mwanzo?

Mwana wa Pangani

Ndugu yangu, sikukatalii hata kidogo. Aliyetotolewa kizimbani ana nafuu kubwa, na kila kenge ana tabia yake. Wapo watulivu, nami nimewaona kwa macho yangu. Ninachokuuliza ni hiki: akiwa begani, kinywa chake kiko umbali gani na jicho lako? Mbwa akikosea mara moja katika miaka kumi, unashonwa. Huyu meno yake hayakuumbwa kushika tu, yameumbwa kukata pia, naye akishaling'ata windo hutikisa kichwa na kurudi nyuma kwa pamoja. Isitoshe, mwaka 2006 watafiti walioongozwa na Bryan Fry wa Australia walionyesha kwamba kenge wana tezi za sumu tayani. Wataalamu bado wanabishana kuhusu uzito wa sumu hiyo kwa binadamu, lakini aliyewahi kuona jeraha linalokataa kuacha kuvuja damu hauhitaji ubishi huo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye upole, acha nieleze ile picha.

Februari 2021 Texas ilikumbwa na baridi ambayo wengi wetu tuliotoka pwani hatukuwahi kuiota. Alfajiri ya tarehe 15 umeme ulikatika, kama ulivyokatika kwa mamilioni ya watu jimboni, na nje maji yalikuwa yameganda hadi kwenye mabomba. Mimi ni fundi wa viyoyozi, na kwenye karakana nilikuwa na kila chombo cha kutengeneza joto isipokuwa umeme wa kukiendesha. Jenereta niliyoagiza ilikuwa bado haijafika. Saa mbili asubuhi chumba cha kenge kilikuwa nyuzi 17, na kufikia saa sita mchana kilikuwa nyuzi 11.

Nilimkuta amekumbatia shina kwa miguu yote minne, rangi yake ya manjano imefifia na kuwa kama ya tope, jicho moja limefumba. Mfoko haukuwapo. Mkia ulining'inia. Nilipomgusa mgongoni hakusogea, ikabidi nimbandue ukucha mmoja baada ya mwingine, na kila ukucha uliacha mchirizi kwenye gome. Nilimbeba mikononi bila glavu, amelegea kama kamba ya katani iliyolala majini. Nilikaa naye sebuleni tukiwa tumejifunika blanketi, kichwa chake juu ya goti langu, na mke wangu akapiga picha. Hiyo ndiyo picha yenu. Mnyama mnayemsifu upole alikuwa anakufa kwa baridi.

Jiko letu ni la gesi, kwa hiyo tulichemsha maji, tukayatia kwenye chupa, tukazizungushia taulo na kuzipanga naye ndani ya sanduku kubwa la plastiki lenye matundu. Usiku nililipakia gari sanduku hilo na kukaa naye uani, injini ikiunguruma na kipasha joto kikiwa kimefunguliwa. Nasisitiza uani, mahali pa wazi, kwa sababu baridi ile iliua watu waliowasha magari ndani ya gereji zilizofungwa. Sikulala. Kila nusu saa nilikuwa nikiingiza vidole viwili kupitia tundu ili kuhisi kama anapumua, naye aliniachia.

Siku ya pili jioni kipimajoto cha ndani ya sanduku kilisoma nyuzi 25. Nilifungua kifuniko nibadilishe chupa. Moyoni nilikuwa nimeshasadiki kwamba usiku ule tumekuwa marafiki, kwamba ameelewa niliyomtendea. Nilimwona amenyoosha shingo, ulimi unatoka na kuingia, kimya kabisa. Niliyaona yote hayo, niliyajua maana yake, na bado niliupeleka mkono. Tulipokuwa watoto tuliambiwa kwamba kenge hasikii mpaka atokwe na damu masikioni. Siku ile kenge nilikuwa mimi.

Alinishika mkono wa kushoto, kati ya kidole gumba na kiganja. Maumivu hayakuja kwanza. Kilichokuja kwanza ni sauti, kama kitambaa kizito kinachochanwa, kwa sababu nilifanya kosa la pili la kuuvuta mkono. Aliachia baada ya mke wangu kumwagia maji ya baridi puani. Barabara zilikuwa na barafu, nasi tulitumia saa moja na nusu kufika hospitali iliyo umbali wa dakika ishirini. Nilishonwa nyuzi kumi na nne, nikapewa sindano ya pepopunda, antibiotiki za majuma mawili, na kano moja ambayo ilibidi irudiwe kwa upasuaji mwezi uliofuata. Yule kenge alipona kabisa.

Mganga wa Mifugo, Nakuru

Naomba kuongezea kidogo kama mtu wa fani. Mleta uzi amesema kweli kuhusu baridi: reptilia hategemei joto la mwili wake bali la mazingira, na akipoa, misuli na neva vyote huzembea, kwa hiyo utulivu wake haupaswi kusomwa kama tabia. Akipashwa joto, njaa na silika hurudi kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu maradhi, wafugaji wengi huogopa meno na kusahau mambo madogo. Reptilia hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua, kwa hiyo beseni lake lisioshwe kwenye sinki la jikoni, na kila aliyeingia kizimbani anawe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Kenge anayekosa unyevunyevu au maji hupata jongo, fuwele za asidi ya yuriki zikijikusanya kwenye viungo na figo, na anayelishwa nyama tupu isiyo na mifupa huishiwa kalsiamu hadi taya kulegea. Mlishe mnyama mzima mwenye mifupa na matumbo yake. Na msimnenepeshe. Kenge wa mitini akinenepa haachi kupanda, anaanguka.

Mwana wa Pangani

Ahsante sana, daktari. Wangu hula mara mbili kwa juma: panya waliogandishwa kisha wakayeyushwa, vifaranga, kware, na yai mara mojamoja. Simpi kitu hai kamwe.

Seremala wa Utete

Mkuu, huku kwetu Rufiji kenge wamejaa tele, tena wengine wakubwa kama huyo wako. Kwa nini mtu ahangaike na wa Papua? Nikimkamata mmoja nikamtengenezea banda kama ulivyoeleza, kuna ubaya gani?

Mwana wa Pangani

Ubaya wa kwanza ni sheria, kaka. Kenge ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 huruhusiwi kumkamata wala kumweka bila kibali. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2013 yenye masharti ya namna hiyohiyo. Kenge wote, wa kwetu na wa Papua, wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo hata kumvusha mpaka bila hati ni kosa.

Ubaya wa pili uko Florida. Kenge wetu, Varanus niloticus, alipelekwa huko na biashara ya wanyama wa kufuga, akauzwa mdogo wa kutoshea kiganjani, akakua, akawashinda wenyewe, wakamwachia. Mji wa Cape Coral wenye mifereji mingi ukawa Rufiji yake, na tangu miaka ya 1990 anazaliana huko na kula mayai ya bundi wanaochimba mashimo ardhini. Mwaka 2021 jimbo lilimweka kwenye orodha ya reptilia waliopigwa marufuku kufugwa, pamoja na iguana wa kijani. Mnyama wa watu hakwenda Florida kwa miguu.

Mwanafunzi wa Makerere

Naomba kuchomekea jambo. Hapa Buganda kuna ngoma ndefu iitwayo engalabi ambayo huwambwa ngozi ya kenge. Je, huko Papua nako ngozi yake hutumika?

Mwana wa Pangani

Ndiyo, dada au kaka, na nilifurahi sana nilipolijua hilo. Ngoma yao ya mkononi iitwayo kundu huwambwa kwa ngozi ya kenge pia. Watu ambao hawakuwahi kuonana, kila upande ukaishia kwenye ngozi ileile.

Kijana wa Maskati

Mimi nipo Oman, na hapa tunaye waral, yaani kenge wa jangwani. Joto tunalo bure mwaka mzima. Je, huyu wa Papua hatakuwa rahisi zaidi kumfuga kwetu kuliko Texas?

Mwana wa Pangani

Joto unalo, ndugu, lakini unyevunyevu utaununua, na kiyoyozi cha nyumba kitakausha kila tone unalonyunyiza. Huyu ni mnyama wa msitu wa mvua. Na huyo waral mwacheni jangwani kwake, kwa kuwa yeye yuko kwenye orodha kali zaidi ya CITES, ile ya kwanza.

Mama Zuhra

Swali la mwisho, na unisamehe kama ni la kichokozi. Baada ya hayo yote, kwa nini bado unaye? Na hicho kidole kiliishia wapi?

Mwana wa Pangani

Si uchokozi, dada. Ninaye kwa sababu hakuna wa kumpa. Bustani mbili za wanyama nilizoziandikia zilijibu kwa heshima kwamba hazina nafasi ya dume jingine lisilo na hati za kuzaliwa, kumwachia nje ni kosa na ni ukatili, na kumuuza kwa kijana aliyevutiwa na ile picha ni kumrudisha pale nilipomtoa. Kenge kama huyu huweza kuishi zaidi ya miaka kumi kizimbani, kwa hiyo mimi na yeye bado tuna safari. Ile picha nimeiondoa kila mahali nilipoweza. Jenereta ninayo sasa, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi naiwasha kwa dakika ishirini nihakikishe haijalala.

Kidole gumba hakikunji hadi mwisho. Koleo sasa nalishika kwa mkono wa kulia na fimbo ya mpira naibana kwapani, nao ni mkao wa kuchekesha ambao binti yangu huuigiza kila akiletewa wageni. Leo ni Jumamosi, siku ya chakula. Kware wameshayeyuka, nami nimemwona kupitia kidirisha ameshashuka kwenye tawi la chini na kuutazama mlango wa sanduku, kimya.